Presha ya tairi na ulaji wa mafuta, hata kwa gari jipya

Presha ya tairi ni msukumo wa upepo uliofungiwa ndani ya tairi, yaani kiasi ambacho upepo huo unazisukuma kuta za tairi kuizidi hewa ya nje. Geji nyingi huisoma kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba), nyingine kwa baa au kilopaskali. Baa 1 ni psi 14.5, na ndiyo kilopaskali 100. Gari dogo la kawaida hutakiwa liwe na psi 30 hadi 36 hivi. Maana yenyewe ni fupi hivyo. Kinachohitaji maelezo ni jinsi namba hiyo inavyogusa mafuta unayonunua, na kwa nini mtu aliyekabidhiwa gari jipya leo awe wa kwanza kushika geji badala ya kuwa wa mwisho.

Tuanze na tairi lenyewe. Ukilitazama kwa haraka ni duara, lakini pale linapokanyaga barabara limebonyea, na kile kipande bapa, kinachokaribia ukubwa wa kiganja, ndicho kinachobeba gari. Gurudumu linapozunguka, kila sehemu ya mpira hufika chini, ikabonyea, ubavu wake ukapinda, kisha ikainuka na kurudi katika umbo lake. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila sehemu hupitia hayo mara 11 hivi kwa sekunde. Mpira haurudishi nguvu yote iliyoubonyeza. Sehemu ya nguvu hiyo hugeuka joto. Baada ya safari ya nusu saa kwenye barabara kuu, weka kiganja kwenye tairi, upande ambao haukupigwa na jua, utalikuta lina joto. Joto hilo limetoka kwenye tanki la mafuta.

Wahandisi huuita upotevu huu ukinzani wa kubingirika, na ukubwa wake unahesabika. Chukua gari la kilo 1,400 pamoja na waliomo. Kwa tairi zuri kwenye lami, ukinzani huo ni takriban asilimia 1 ya uzito wa gari. Ni kama mtu amelifunga gari kamba kwa nyuma na kulivuta kwa nguvu ya kuinulia mzigo wa kilo 14, safari nzima bila kuachia. Katika kilomita 100, kazi ya kumshinda huyo mtu inafika megajuli 14 hivi (megajuli ni kipimo cha nishati). Lita 1 ya petroli ina takriban megajuli 32, lakini injini ya kawaida hufikisha kwenye magurudumu kama robo yake tu, yaani megajuli 8. Gawanya, utaona matairi peke yake yanakula karibu lita 1.7 kwa kila kilomita 100, nayo ni matairi yenye upepo sawasawa.

Sasa punguza upepo. Tairi linabonyea zaidi, ubavu unapinda zaidi, mpira mwingi zaidi unasumbuliwa katika kila mzunguko, na joto linapanda. Wizara ya Nishati ya Marekani, katika ushauri wake kwa wenye magari, inasema umbali unaoweza kwenda kwa mafuta yaleyale hupungua kwa takriban asilimia 0.2 kwa kila psi 1 inayopungua, kwa wastani wa matairi yote. Inaongeza kwamba kujaza upepo ipasavyo huokoa asilimia 0.6 kwa wastani, na kwa baadhi ya magari huokoa hadi asilimia 3.

Anayekuahidi kwamba upepo tu utakupunguzia robo ya mafuta anakudanganya. Hata hivyo sioni sababu ya kuzidharau asilimia hizo, maana hazidai ununue kifaa wala ubadili namna ya kuendesha. Isitoshe, tairi lenye upepo mdogo linakugharimu hata mahali ambapo hupigi hesabu. Linaisha pande zote mbili huku katikati bado kukiwa na meno mazima. Kona linazikata kwa uzito. Na likibebeshwa mzigo kwa mwendo mkali siku ya joto, mpira unachemka kupita kiasi na tairi linaweza kupasuka. Kwa maoni yangu hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu apime upepo, hata kama mafuta yangekuwa ya bure.

Namba sahihi ni ipi? Hapa watu hukosea sana, na mafundi wamo. Wengi huinama na kusoma namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi, kisha wanajaza hadi hapo. Namba ile ni kikomo ambacho tairi linaruhusiwa kujazwa, na tairi la aina hiyohiyo linaweza kufungwa kwenye magari ya uzito tofauti kabisa. Presha ya kutumia imewekwa na aliyetengeneza gari, kwa kuangalia uzito wake, breki zake na jinsi linavyokaa barabarani. Utaikuta kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, au nyuma ya kifuniko cha tanki la mafuta, na ndani ya kitabu cha gari. Mara nyingi magurudumu ya mbele na ya nyuma yana namba tofauti, na magari mengi yana namba mbili: ya siku za kawaida na ya gari lililojaa watu na mizigo. Usilisahau na tairi la akiba. Lile jembamba la dharura kwa kawaida hutaka psi 60, karibu mara mbili ya matairi mengine, na hukutwa halina kitu siku linapohitajika.

Namba ya kibandiko ni ya tairi baridi. Baridi maana yake gari limesimama angalau saa tatu, au limetembea taratibu umbali usiozidi kilomita 1 na nusu hivi. Tairi lililotoka safarini huonyesha psi 4 au zaidi juu ya hali yake halisi. Kwa hiyo kama kibandiko kinasema 32 na geji ikasoma 34 baada ya mwendo mrefu, tairi hilo lina upungufu, japo linaonekana limezidi. Mtu akiona 36 na kutoa upepo papo hapo, kesho asubuhi atakuwa na 28 bila kujua. Hali ya hewa nayo ina mkono wake: presha hushuka au kupanda kwa takriban psi 1 kwa kila nyuzi 6 za joto la nje.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika tano. Fungua kifuniko cha vali, bandika geji ikiwa imenyooka, ibane. Ukisikia psss, hujaibana vizuri, na namba utakayoisoma ni ya uongo, rudia. Ukishamaliza, dondosha povu la sabuni kwenye mdomo wa vali. Mapovu yakianza kuchomoza yenyewe, vali inavuja, na kujaza upepo kila wiki hakutaliponya tairi hilo. Rudisha kifuniko, kwa sababu kazi yake ni kuzuia mchanga na maji visiingie kwenye vali.

Turudi kwa gari jipya. Gari linalotoka kiwandani husimama wiki nyingi, kwenye yadi, melini, juu ya lori, na mwisho kwenye uwanja wa muuzaji. Tairi lililobeba uzito mahali pamoja muda wote huo huelekea kupata ubapa unaolifanya litetemeke baadaye. Ili kuzuia hilo, matairi hujazwa upepo mwingi kuliko wa kibandiko, aghalabu psi 40 na zaidi. Kuishusha presha hiyo hadi inapotakiwa ni sehemu ya ukaguzi ambao muuzaji hupaswa kuufanya kabla ya kukabidhi funguo. Ni kazi ndogo, inafanywa katikati ya kazi nyingi kubwa, na ndiyo maana huachwa.

Ikiachwa, mwenye gari hupokea gari gumu, linalorusha abiria kwenye kila kibonde, naye anadhani ndivyo lilivyoundwa. Ulaji wake wa mafuta utakuwa mzuri, nalo hilo linamfurahisha. Lakini tairi lililojaa kupita kiasi hukanyaga barabara kwa eneo dogo, linaisha katikati, na gari hukawia kusimama. Mafuta unayookoa kwa kujaza kupita kibandiko unayalipa kwa tairi na kwa breki, na sioni kama biashara hiyo ina faida. Kuna na kinyume chake: fundi ametoa upepo mchana wa jua kali, kwa macho au kwa geji mbovu, na gari linatoka likiwa na psi 27. Au gari limekaa uwanjani miezi mingi, na tairi zima lisilo na tundu hupoteza takriban psi 1 kwa mwezi, kwa upepo kupenya polepole kwenye mpira.

Wengine hujitetea kwa taa ya tahadhari iliyo kwenye dashibodi. Kifaa hicho ni cha lazima Marekani kwa magari madogo yote yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2007, na katika Umoja wa Ulaya kwa kila gari dogo jipya tangu Novemba 2014. Kimeokoa watu na nakiheshimu. Ila hakikuwekwa kwa ajili ya kubana mafuta. Sheria ya Marekani inataka taa iwake presha inapokuwa chini ya kibandiko kwa asilimia 25. Kama kibandiko ni 32, unaweza kuendesha hadi 25 kwa miezi bila taa kusema lolote. Tena baadhi ya magari hayana kipimo ndani ya tairi. Kompyuta hulinganisha tu jinsi magurudumu yanavyozunguka, na lililopungua upepo huzunguka kwa kasi tofauti kidogo na wenzake. Mfumo wa namna hiyo hufundishwa kwa kubonyeza kitufe baada ya kujaza upepo. Aliyekubonyezea siku ya makabidhiano, huku matairi yakiwa na presha mbaya, ameifundisha kompyuta kwamba ubaya huo ndio usawa. Kwa hiyo pima kwanza, rekebisha, halafu bonyeza wewe mwenyewe.

Ukiwa hapo hapo, angalia mambo mawili zaidi yanayokula mafuta. La kwanza ni breki inayobana. Diski za gari lililosimama muda mrefu hushika kutu, na pini za breki zinaweza kuganda. Tembea kilomita kadhaa bila kufunga breki kwa nguvu, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto sana kuliko wenzake, breki ya gurudumu hilo haijaachia. La pili ni usukani: kwenye barabara tambarare ukiwa umenyooka, gari nalo linyooke. Likivuta upande, matairi yanaburutwa badala ya kubingirika, na hiyo ni kazi ya alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu. Oili ni ya kuhakikisha tu kwamba ni ya unene ulioandikwa kwenye kitabu.

Hata baada ya yote hayo, usishangae gari jipya likila mafuta zaidi ya lilivyoahidiwa. Injini mpya ina vyuma ambavyo bado havijazoeana, na wizara ileile ya Marekani inasema inaweza kuchukua kilomita 5,000 hadi 8,000 kabla ya kufikia ulaji wake bora. Tairi jipya nalo lina meno marefu, milimita 8 hivi, kwa hiyo kuna mpira mwingi wa kubonyea. Na kuna jambo ambalo wachache hulihesabu: odometa huhesabu mizunguko ya gurudumu, kisha inaigeuza kilomita. Tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko lililokwisha, tofauti inayoweza kukaribia asilimia 2, hivyo kila mzunguko unakwenda mbali zaidi kuliko wa tairi kuukuu. Ukibadilisha matairi yaliyokwisha kwa mapya, barabara ileile itasomeka fupi, na hesabu yako itaonyesha mafuta yameongezeka hata pale ambapo hayakuongezeka.

Ndiyo sababu kipimo cha ulaji wa mafuta kinataka subira. Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita, endesha, jaza tena kwenye pampu ileile mpaka ikate, kisha gawa lita kwa kilomita na kuzidisha kwa 100. Tanki moja halikwambii kitu, kwa kuwa foleni ya siku moja inaweza kumeza asilimia 2 au 3 unayoitafuta. Linganisha matanki matano au sita ya kabla na ya baada, kwa njia zilezile, na kando ya lita na kilomita uandike presha uliyoisoma asubuhi hiyo kabla ya kuwasha gari.