Nairobi Isingekuwapo, Mji Wenu Ungekuwa Wapi? Maelezo kwa Wananchi

Katika vikao vya kukusanya maoni kuhusu hati za manispaa, yaani hati zinazoupandisha mji hadhi, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa, mara nyingine kwa sauti ya lawama: Nairobi isingejengwa, mji wetu ungekuwa wapi leo? Machakos wanauliza, Kisumu wanauliza, na Mombasa hawaulizi, wanakuambia. Wanaouliza wana nia njema, na sisi wa mipango ya miji hatuwezi kuendelea kuwajibu kwa "tumepokea maoni yenu". Haya ni maelezo ya kitaalamu tu. Yasichukuliwe kuwa ahadi ya mradi wala msimamo wa serikali kuhusu ombi lolote lililo mezani.

Machakos ndiyo yenye hoja nzito zaidi. Kampuni ya Imperial British East Africa ilifungua kituo pale mwaka 1889, miaka kumi kabla ya reli kufika Nairobi. Hapo ndipo John Ainsworth, afisa Mwingereza, alipokuwa na ofisi ya kutawalia Ukamba, mpaka 1899 alipofunga virago akaifuata reli. Kufikia hapo wananchi wako sawa. Wanapopotea ni pale wanaposema Nairobi iliinyang'anya Machakos reli. Machakos haikuwa na reli ya kunyang'anywa. Wapimaji walikwepa vilima vya Iveti na Mua, njia ikapitishwa uwandani kupitia Konza na Athi, maana garimoshi halipandi mlima kwa kubembelezwa. Mwisho wa Mei 1899 reli ikafika kwenye tope la Nairobi, tambarare ya mwisho kabla ya kupanda kuelekea Kikuyu na kuteremka Bonde la Ufa. Kabla ya mpando ule zilihitajika karakana, stoo, maji ya injini na makao ya wafanyakazi. Lau wahandisi wangelichukia lile tope, wangesogea maili chache tu, na leo tungekuwa tunalalamikia mji mwingine wa karibu na hapo wenye jina tofauti.

Machakos ingebaki na nini basi? Pengine ofisi za serikali. Tunao mfano jirani. Huko Malawi makao makuu ya ukoloni yalikuwa Zomba, mji wa mlimani, ilhali reli na biashara zilikwenda Blantyre. Zomba ilibaki makao makuu mpaka 1975 na bado ilikuwa mji mdogo. Kuwa na ofisi ya gavana mkoloni hakukutosha. Nimewahi kulieleza hili kikaoni nikaambiwa natetea Nairobi. Sitetei. Nasema mji hukuzwa na kazi inayofanyika ndani yake, na kazi kubwa ya miaka ile ilikuwa reli.

Mombasa ni habari nyingine, kwa sababu ilikuwa na reli, bandari na makao makuu ya himaya kwa pamoja, mpaka utawala ulipohamishiwa Nairobi mwaka 1905. Lakini ukanda wa pwani wa maili kumi, Mombasa ikiwamo, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiukodi kwa pauni 11,000 kwa mwaka, na walowezi walikuwa wakielekea nyanda za juu. Tuseme wasingehama. Tungepata mji wa aina ya Dar es Salaam, ambako Wajerumani walihamishia makao yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891: bandari na serikali mahali pamoja, na bara yote ikitazama pwani. Mwananchi wa Kitale angekuwa na safari ndefu zaidi kufuata hati ya shamba. Anayedhani kuondoa Nairobi kungeondoa ukubwa wa mji mmoja juu ya mingine hajaitazama ramani ya majirani zetu.

Kisumu ndiko lawama hupotea njia kabisa. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na kwa miaka mingi mizigo ya Uganda ilipakiwa melini pale. Kilichoipunguzia Kisumu nguvu ni njia ya reli iliyochepuka Nakuru, ikapita Eldoret na kufika Kampala mwaka 1931. Shehena ikaacha ziwa. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Nairobi isingekuwapo, njia ile ya Eldoret bado ingejengwa, kwa sababu ilifuata mashamba ya walowezi na ilikwepa gharama ya kupakua mizigo relini na kuipakia melini. Mumias nayo iliachwa kando na reli, ingawa misafara ya Uganda ilikuwa ikitua pale kabla ya Kisumu kuwa mji.

Wa kunufaika zaidi, kwa maoni yangu, ni Nakuru. Ipo njia panda, katikati ya mashamba, na karakana za reli zingefaa pale. Hata hivyo ingebanwa kati ya mlima wa Menengai na ziwa.

Reli haikuamua kila kitu. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 uliamua wazi kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Palipokuwa tayari na kitu pakaongezewa, na huo ulikuwa uamuzi wa Kenya huru. Matokeo yake yanaonekana katika sensa ya 2019: Ruiru, mji ulio jirani na Nairobi, ilikuwa na watu takriban 490,000, ikiipita Eldoret yenye takriban 476,000. Simama kituo cha matatu Ruiru saa kumi na moja asubuhi uone wanaelekea wapi.

Sasa kuhusu hati zenyewe. Tunapokea barua nyingi zikidhani Rais hutangaza jiji jukwaani na mambo yakaisha. Hapana. Chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, kama ilivyorekebishwa 2019, mji unaoomba kuwa jiji uwe na wakazi wasiopungua 250,000, mpango jumuishi wa maendeleo, uwezo wa kukusanya mapato, na huduma kama zimamoto na utupaji taka. Kamati kuu ya kaunti hupitisha azimio, gavana huunda kamati ya muda ya wataalamu, bunge la kaunti huidhinisha, kisha Seneti, na mwisho kabisa Rais hutoa hati. Nakuru ilipata yake Desemba 2021, Eldoret Agosti 2024. Manispaa huhitaji wakazi 50,000, na hati yake hutolewa na gavana. Kuandika kwamba "tulikuwa makao makuu mwaka 1889" hakumo miongoni mwa vigezo, tafadhali.

Lingine ni wale wanaosikia mji unapandishwa hadhi, wakaanza kumwaga zege kwenye ploti kabla ya kibali. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 iko wazi: ukianza ujenzi bila kibali cha kaunti, faini ni hadi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Juu ya hapo utatakiwa kuirudisha ardhi ilivyokuwa, kwa gharama yako. Ombi lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria huhesabu kuwa kibali kimetolewa. Ukikataliwa, una siku 14 tangu uamuzi kutolewa kukata rufaa kwenye kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti. Rufaa huletwa kwa maandishi. Ujumbe wa simu kwa afisa haupokelewi kama rufaa, hata kama afisa huyo ni shemeji yako.