Pampu ya Moyo: Yasemwayo Barazani na Yaliyothibitishwa

Katika baraza za Mji wa Kale hapa Mombasa, mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika kiasi cha kushindwa kupanda ngazi akitaja majaribio ya pampu ya kupandikizwa kifuani, jamaa zake humwonya kwamba atafanywa panya wa maabara, na kwamba nusu ya washiriki hupasuliwa na kutiwa kifaa kisichofanya kazi. Si kweli. Katika jaribio la REMATCH la Marekani, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2001, wagonjwa 129 wasiofaa kupandikizwa moyo wa mtu mwingine waligawanywa kwa kura ya bahati nasibu: 68 wakapata pampu, na 61 wakaendelea na dawa pasipo kupasuliwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya wenye pampu walikuwa hai, ilhali wa dawa walikuwa asilimia 25. Kura hiyo huwakera wengi, lakini naiona kuwa ni haki, kwani daktari akichagua mwenyewe huenda akawapa pampu wenye nafuu, na matokeo yakapotosha. Baadaye jaribio la MOMENTUM 3, lenye wagonjwa 1,028, lililinganisha pampu mpya na ya zamani, hivyo kila aliyepandikizwa alipata kifaa kizima.

Kilichowahi kuwa bandia ni kidonge: katika jaribio lililotangazwa mwaka 2023, baadhi ya wenye pampu walipewa aspirini na wengine kidonge kisicho na dawa, ikabainika kuwa waliokosa aspirini hawakuvuja damu sana kama waliopewa, bila kuongezewa hatari ya damu kuganda.

Wapo pia wadhanio kwamba moyo hung'olewa. Moyo hubaki, pampu huusaidia kusukuma damu kutoka chemba ya chini ya kushoto hadi mshipa mkuu.

Dhana inayonitia hofu zaidi ni kwamba pampu huponya. Kiharusi, maambukizi na kuvuja damu bado hutokea, na mwaka 2021 pampu ya HVAD iliondolewa sokoni kwa sababu wenye kuitumia walipatwa zaidi na kiharusi na vifo. Waya wa pampu hupita kwenye ngozi ya tumbo hadi kwenye betri, kwa hiyo kuogelea Bamburi hakuruhusiwi, na nyumba inayokatikiwa umeme mara kwa mara ni hatari.

Mwisho, mshiriki ana haki ya kujitoa kwenye utafiti wakati wowote, na kujitoa huko hakumaanishi kuondolewa pampu wala kunyimwa matibabu.