Jeshi huhesabiwa jikoni

Hapa Uganda ukitaja posho, watu wanaona sahani ya ugali. Mswahili wa pwani yeye anafikiria chakula au pesa anayopewa mtu akiwa kazini, na hiyo ndiyo maana ya zamani. Askari na vibarua walipimiwa unga wa mahindi kama posho yao, mwishowe unga wenyewe ukabaki na jina. Nafundisha historia ya majeshi, na mwanafunzi akiniuliza kwa nini jeshi hili lilikuwa kubwa na lile dogo, naanzia kwenye neno hilo.

Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alimkuta Kabaka Mutesa I, mfalme wa Buganda, vitani dhidi ya watu wa visiwa vya Buvuma, akaandika kwamba jeshi la Kabaka lilipita watu 100,000. Stanley alipenda kutia chumvi, lakini hata ukiikata hesabu yake nusu, bado ni umati. Uliwezekana kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mshahara: wakulima waliitwa na machifu wao, wakaja na mikuki yao, wakala matoke ya njiani, kisha wakarudi shambani.

Askari wa kudumu ni habari nyingine, maana anakula hata siku isiyo na vita. Kaisari Augusto, na utajiri wote wa Roma, alibaki na lejioni, yaani vikosi vya askari kama elfu tano kila kimoja, zisizofika thelathini. Mwaka 1793 Ufaransa iliwaita vijana wake wote wasiooa, na jeshi likavimba hadi mamia ya maelfu. Karne iliyofuata ikaleta reli, na treni inayobeba unga inabeba pia mamilioni ya askari. Mwaka 1945 Marekani ilikuwa na watu wapatao milioni 12 ndani ya sare.

Kwetu reli zilikuwa chache, na mbung'o waliua ng'ombe wa kukokota mizigo. Keya, kama wazee wanavyoiita KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ilikuwa na askari wapatao 2,300 mwaka 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza. Vita vilipokwisha walikuwa zaidi ya 30,000. Nyuma yao walitembea wapagazi mamia ya maelfu. Piga hesabu: mpagazi abebe kilo 25 za unga, ale kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi kumi, askari wa mbele anaambulia kilo tano. Wengi wa wapagazi hao walikufa kwa njaa na kuhara, si kwa risasi, na kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo pale Dar es Salaam, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Vita Vikuu vya Pili viliwachukua Waganda wapatao 77,000, kisha wakarudishwa makwao. Uhuru wa 1962 ukatukuta na batalioni moja tu, hapa Jinja. Januari 1964 batalioni hiyo iliasi kwa ajili ya mshahara, ikamshika waziri Felix Onama, na Waingereza wakaitwa kuja kutuliza. Mishahara ikapandishwa, na jeshi nalo likaanza kukua. Kwa maoni yangu mwaka ule ndio uliotuamulia mengi ya baadaye: askari alijifunza kwamba bajeti inasikia bunduki.

Februari 1981 kundi la waasi la Museveni lilianza vita kwa kushambulia kambi ya jeshi ya Kabamba, likiwa na bunduki 27. Miaka kumi baadaye NRA, jeshi hilo la Museveni ambalo sasa lilikuwa jeshi la taifa, ilikuwa na makumi ya maelfu ya askari, kwa kuwa kila kundi lililoshindwa au kupatana na NRA lilimezwa ndani. Hazina ikalemewa. Kuanzia 1992 hadi 1995 walipunguzwa askari 36,358, wakapewa fedha kidogo, mbegu, majembe na mabati. Hata hivyo daftari la mishahara halikuaminika: mwaka 2003 uchunguzi ulikuta wanajeshi hewa, majina yanayopokea mshahara bila miguu ya kusimama paredi.

Jirani yangu mmoja alipunguzwa mwaka 1993, na mabati yake yangali juu ya nyumba, yameota kutu upande wa ziwani. Nilimuuliza kikosi chao msituni kilikuwa na watu wangapi. Akafikiri kidogo.

"Sufuria sita," akasema. "Ila mbili zilikuwa zimetoboka."