Dispensari ya Zamani haikujengwa na Waingereza

Juzi tena, pale Mizingani, barabara ya ufukweni ya Mji Mkongwe wa Unguja, nimemsikia mwongoza watalii akiwaambia wageni kuwa Dispensari ya Zamani ni "jengo la Waingereza". Jamani, basi! Jiwe la msingi liliwekwa 1887. Unguja imewekwa chini ya himaya ya Waingereza 1890. Aliyetoa fedha ni Tharia Topan, Khoja (Mhindi Mwislamu) wa madhehebu ya Ismailia, tajiri aliyetoka Kachi, India. Alikusudia hospitali ya kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Heshima alipewa Malkia, lakini fedha ni za Topan na kazi ni ya mafundi wa Kihindi.

Ziangalieni roshani. Nyumba ya Kiarabu ya Mji Mkongwe hujificha: nje kuta tupu na mlango wa nakshi, maisha yote yako uani. Jengo hili la dispensari nalo lina ua katikati, ila uso wake umegeuzwa barabarani na baharini: roshani za mbao ghorofa kwa ghorofa, zimetobolewa nakshi nyembamba, vioo vya rangi, mapambo ya plasta. Hiyo ni kazi ya Gujarati, magharibi ya India. Mapambo yenye sura ya Kizungu yapo, sikatai, lakini mafundi wa Kihindi wa wakati ule walikwisha kuyazoea na kuyachanganya na yao. Ukishaona pambo moja la Kizungu ukasema jengo zima ni la Mwingereza, umewafuta waliolichonga.

Topan alifariki 1891 kazi haijaisha. Mjane wake akaikamilisha 1894. Mwaka 1900 likauzwa, na ni sadaka ya Khoja wa madhehebu mengine, Ithnaasheri, Haji Nasser Nurmohamed, iliyoleta dispensari: dawa chini, wapangaji juu. Kusema kweli, nikizitazama roshani zile hupata shaka kama aliyelichora alimfikiria mgonjwa zaidi au mpita njia.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 liliachwa likachakaa, hadi taasisi ya Aga Khan ilipolikarabati miaka ya 1990. Na tafadhali, msiniulize kwa nini lisipigwe saruji "liwe imara". Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Unyevu unaopanda na chumvi yake lazima upate pa kutokea. Ukiuziba kwa saruji, jiwe linaliwa kwa ndani na plasta inabanduka vipande vipande. Chokaa huchukua muda mrefu kukomaa. Isubirini.