Pensheni haikatwi tena ushuru: sasa hesabu ya kustaafu ipangwe vipi?

Kwenye maofisi ya Kilindini na Shimanzi, Mombasa, bado utasikia mtu wa miaka 58 akishauriwa na wenzake: ngoja ufike 65 ndipo uchukue pesa zako, la sivyo KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, watazila. Ushauri huo ulikuwa na mantiki hadi mwisho wa 2024. Leo umepitwa na wakati, na anayeufuata huenda akakaa miaka kadhaa akizingojea pesa ambazo angezipata bila kukatwa.

Kwanza tuelewe hesabu ya zamani, kwa sababu mipango mingi bado imejengwa juu yake. Katika malipo ya mkupuo, yaani pesa zinazotolewa kwa mara moja, shilingi 60,000 kwa kila mwaka wa utumishi hazikutozwa ushuru, mwisho 600,000. Kilichozidi kilipanda ngazi: 400,000 za kwanza asilimia 10, zilizofuata 15, kisha 20, kisha 25, na baada ya hapo 30. Aliyetoka na milioni 3 kwenye mfuko wa akiba (unaolipa zote kwa mkupuo) baada ya miaka 25 kazini aliacha 520,000 kwa ushuru. Kwenye pensheni ya kila mwezi, 25,000 za kwanza zilikuwa huru. Mstaafu wa 60,000 kwa mwezi asiyekuwa na pato jingine alikatwa takriban 2,900 baada ya kupewa nafuu ya binafsi, yaani punguzo la ushuru la 2,400 kwa mwezi. Akifika miaka 65, makato yote yalikoma.

Kwa hiyo maumivu hayakuwa kwenye pensheni ya mwezi. Yalikuwa kwenye mkupuo, na ndiyo sababu watu walichukua kidogo wakati wa kutoka au wakasubiri 65.

Tangu tarehe 27 Desemba 2024, Sheria ya Marekebisho ya Ushuru ya 2024 imefungua milango mitatu ya kutoka bila ushuru, iwe ni mfuko wa pensheni, mfuko wa akiba, mpango wa mtu binafsi au NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), mradi mfuko umesajiliwa. Mlango wa kwanza ni kufikia umri wa kustaafu uliowekwa na kanuni za mfuko wako. Wa pili ni kutoka mapema kwa sababu ya maradhi. Wa tatu ni kutoa pesa baada ya miaka 20 tangu uliposajiliwa kuwa mwanachama. Ukipita nje ya milango hiyo, ushuru upo palepale.

Sasa soma tena maneno "kanuni za mfuko wako". Hapo ndipo watu wengi watajikwaa. Sheria haikutaja 60 wala 55. Imeuachia waraka wa mfuko. Kama kanuni zenu zinasema umri wa kustaafu ni 60, na zinaruhusu kustaafu mapema kuanzia 50, usijitangazie mwenyewe kwamba 52 ni umri wa kustaafu. Kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu, mwandikie msimamizi wa mfuko umwulize jambo moja tu: nikitoka tarehe fulani, malipo yangu yatahesabiwa chini ya kifungu kipi, na makato yatakuwa kiasi gani? Jibu lije kwa maandishi. Jibu la simu halitakusaidia siku hundi itakapotoka ikiwa pungufu.

Mlango wa miaka 20 nao una mtego wake. Kinachohesabiwa ni usajili katika mfuko, si miaka uliyofanya kazi maishani. Mtu aliyebadilisha waajiri wanne bandarini na kwenye makampuni ya kutoa mizigo, kila mara akichukua chake na kuondoka, anaanza upya kila anapoajiriwa. Ukihama kazi, unaweza kuacha akiba yako kwenye mfuko wa zamani, au kuihamishia mfuko mpya. Kabla hujahamisha, uliza ni tarehe gani ya usajili itakayoandikwa kwenye rekodi zako mpya. Kwa mtu mwenye miaka 17 kwenye mfuko mmoja, swali hilo lina thamani ya pesa nyingi.

Upande wa kuingiza pesa nao umebadilika. Kiwango cha mchango kinachopunguza mapato yanayotozwa ushuru kimetoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Lakini 30,000 ni dari tu. Unapewa kilicho kidogo kati ya vitu vitatu: mchango wako halisi, asilimia 30 ya mshahara unaohesabiwa kwa pensheni, au hiyo 30,000. Mwenye mshahara wa 80,000 dari yake ni 24,000. Na NSSF imo ndani ya hesabu hiyohiyo. Kwa viwango vilivyoanza Februari 2025, mwenye mshahara wa 72,000 au zaidi alikatwa 4,320 za NSSF, kwa hiyo nafasi iliyobaki chini ya 30,000 ilikuwa 25,680.

Faida yake ni hii: mwenye mshahara wa 150,000 akipandisha mchango kutoka 20,000 hadi 30,000, ushuru wake unapungua kwa 3,000 kila mwezi. Mfukoni ametoa 7,000, kwenye mfuko zimeingia 10,000. Sijui akiba nyingine ya halali inayoanza na faida kama hiyo siku ya kwanza. Zaidi ya hayo, mapato ya uwekezaji ndani ya mfuko uliosajiliwa hayatozwi ushuru, wakati riba ya benki inakatwa asilimia 15. Kwa hiyo hata shilingi inayozidi dari, isiyopata nafuu wakati wa kuingia, bado inakua bila kukatwa na, ukipita mlango sahihi, inatoka bila kukatwa. Ubaya wake ni kwamba imefungwa. Karo ya mtoto ya Januari usiiweke huko.

Kuna pia mfuko wa matibabu baada ya kustaafu, nafuu yake ikiwa hadi 15,000 kwa mwezi, mbali na zile 30,000. Huu unasahaulika sana, ilhali bima ya mtu wa miaka 68 huenda ikawa ghali kuliko pango la nyumba.

Ikiwa mfuko wenu ni wa pensheni, unapostaafu unaruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo; kinachobaki kinanunua malipo ya kila mwezi ya maisha kutoka kampuni ya bima, au kinawekwa kwenye mpango wa kuchota polepole, usiopungua miaka 10 na usiozidi asilimia 15 ya salio kwa mwaka. Zamani ushuru ulikusukuma uchukue mkupuo mdogo. Sasa msukumo huo haupo, na kwa maoni yangu hilo ni zuri na la hatari kwa pamoja. Uamuzi ubaki kwenye afya yako, umri wa mwenzi wako, na madeni uliyonayo. Ukinunua malipo ya maisha, uliza kama mkeo au mumeo ataendelea kulipwa ukitangulia, na kama kiasi kitapanda kila mwaka. Kiasi kisichopanda kinapendeza mwaka wa kwanza tu.

Mkupuo mkubwa hapa Pwani una njia moja inayojulikana: kiwanja Mtwapa au Kisauni, kisha vyumba vya kupangisha. Pensheni ikiwa huru, kodi ya nyumba si huru. Ukikusanya zaidi ya 288,000 kwa mwaka, unalipa asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea, bila kuondoa gharama za ukarabati wala riba ya mkopo. Vyumba vinne vya 8,000 vinaleta 32,000 kwa mwezi. Ushuru ni 2,400, na unalipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Vyumba vitatu vinafika 288,000 kamili. Hapo kodi inaingia kwenye fomu ya ushuru ya mwaka, na asilimia 10 yake ni 28,800, sawasawa na nafuu ya binafsi ya mwaka mzima, kwa hiyo hulipi kitu kama huna pato jingine linalotozwa ushuru. Chumba cha nne ndicho kinachokuingiza kwenye mfumo wa kila mwezi. Kiweke kwenye hesabu kabla ya kumwita fundi.

Kusamehewa ushuru hakukuondolei fomu ya mwaka. Mwenye PIN, nambari ya mlipa ushuru, anaijaza kwenye iTax, mtandao wa KRA, kabla ya Juni 30, na kuchelewa kunaanzia faini ya 2,000. Ukiona pensheni ya 2025 imekatwa PAYE (ushuru unaokatwa kabla ya kulipwa) ilhali ulishafikia umri wa kustaafu, anza kwa msimamizi wa mfuko ili arekebishe miezi inayokuja. Kwa iliyopita, chukua fomu ya P9, inayoonyesha malipo na makato ya mwaka, iweke kwenye fomu yako ya ushuru ya mwaka, kisha uombe kurudishiwa. Muda wa kudai ni miaka mitano tangu ulipolipa.