Siri ikifichuka, hadithi haijaisha

Wasomaji wengi wa riwaya za mapenzi zenye taharuki huamini kwamba siri ya familia ikishajulikana, kilichobaki ni kumalizia kurasa tu. Si kweli hata kidogo.

Chukua Jane Eyre ya Charlotte Brontë, iliyotoka London mwaka 1847. Kicheko cha ajabu usiku, kitanda cha Rochester, mwajiri wa Jane anayetaka kumuoa, kushika moto, shela ya bibi harusi kuchanwa vipande viwili na kukanyagwa: yote yanatokana na mke wa Rochester aliyefungiwa ghorofa ya juu. Lakini siri hiyo inaanikwa kanisani katika sura ya 26, na kitabu kina sura 38!

Sura hizo za mwisho ndizo ninazozipenda zaidi. Jane anatoroka alfajiri, anashinda na njaa, kisha anapata ndugu na urithi wa pauni 20,000, anaougawana nao. Anaporudi, yule mke amekufa, Rochester ni kipofu, naye Jane hategemei tena mshahara wake. Hapo ndipo nafasi ya pili inapowezekana. Na roho bado iko juu: anampelekea maji bila kujitambulisha, sinia inatetemeka mikononi mwake hadi maji yanamwagika.