Giza la gothi ndani ya msana wa Lamu

Mtu akisikia gothi, ule muziki wa roki wenye giza, fikra humwendea kwenye nguo nyeusi. Lamu hilo halimshtui mtu: buibui jeusi hupita vichochoroni tangu asubuhi, na hakuna anayeuliza nani kafiwa. Kwa hiyo kwangu mimi weusi pekee hautoshi. Kinachoutia muziki huu giza ni nafasi inayoachwa wazi kati ya sauti na sauti, na nafasi hiyo hutengenezwa kwa mikono.

Bendi ya Bauhaus ya Northampton, Uingereza, ilitoa rekodi yake ya kwanza mwaka 1979. Inapita dakika 9, na sehemu kubwa ni besi inayoshuka taratibu, ngoma, na mikwaruzo ya gitaa iliyozama kwenye mwangwi. Hakuna anayekimbilia kujaza. The Sisters of Mercy wa Leeds nao waliweka mashine mahali pa mpiga ngoma, wakaiita Doktor Avalanche. Mashine haina mbwembwe, basi hisia zote hubebwa na besi na mwimbaji.

Anza na besi. Ipandishe juu ya shingo, kati ya freti ya 7 na ya 12, iwe ndiyo inayobeba wimbo. Gitaa liguse nyuzi mbili tatu tu. Korasi, yaani kifaa kinachoyumbisha sauti ya gitaa, iende polepole, mzunguko mmoja kwa sekunde mbili. Ukiizidisha, noti inayumba na mwimbaji ataonekana ndiye aliyekosea. Muda wa mwangwi wa kifaa usiukisie. Gawanya milisekunde 60,000 kwa mapigo ya dakika: kwa mapigo 120 unapata 500, nawe weka robo tatu yake, 375. Ukiweka 400, kila rudio linachelewa kidogo, na baada ya marudio matatu linagombana na ngoma.

Sasa chumba. Katika nyumba zetu za mawe, urefu wa boriti za mikoko ndio unaoamua upana wa msana, yaani chumba cha ndani, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, na kuta zimepigwa chokaa ngumu. Piga kofi moja katikati: utasikia mtetemo wa haraka kama bawa la njiwa, sauti ikirushwa ukuta hadi ukuta. Tundika godoro la sufi upande mmoja na mtetemo unakufa. Mvumo wa chini ni mambo mengine, kitambaa hakiuwezi. Kwa joto letu sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya upana. Chumba cha mita 2.5 kinakupa mvumo wa mawimbi 70 kwa sekunde, karibu kabisa na C# ya freti ya 4 kwenye uzi wa A wa besi. Noti hiyo itavimba na kuzimeza nyingine. Usiegemeze spika ukutani, maana hapo ndipo mvumo unapochochewa zaidi. Isogeze katikati ya upana. Mvumo ukibaki, uhamishe wimbo uende E ndogo (E minor). Na kwa kuwa kuta zenyewe zina mwangwi, zima ule wa kifaa wakati wa kurekodi. Kuta hizi zina mwangwi mzuri kuliko kifaa chochote ninachokijua.

Kuhusu mavazi nitasema machache. Koti la ngozi huota kuvu kwa unyevu wa pwani. Pamba nyepesi nyeusi inatosha, na pete ya fedha ya sonara wa hapa inapendeza kuliko chuma, ambacho chumvi hukila. Chumvi hiyohiyo hula nyuzi za gitaa, zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Wanja upake kidogo, kisha ugonge poda juu yake, la sivyo jasho la kaskazi litauteremsha mashavuni. Tafuta usio na madini ya risasi.

Pale ladha yangu inapojulikana ni kwenye maqamu, zile ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Hijazi inakaa vizuri ndani ya gothi, kwani pengo lake kubwa tayari lina majonzi: D, Eb, F#, G. Bayati siipigi kwenye gitaa lenye freti, maana noti yake ya pili iko kati ya freti mbili. Hiyo inataka udi, au besi isiyo na freti. Ukishuka na Hijazi kutoka G, pita F#, fika Eb, halafu usiikimbilie D. Acha Eb ining'inie pigo zima, mashine ikiendelea peke yake.